Shajara ya mradi: kunomalisha hifadhidata ya ununuzi wa kahawa, Bukavu

Wiki ya 1, Jumatatu. Faili tulilopokea

Kazi ni kuhamisha rekodi za ununuzi wa ushirika wa wakulima wa kahawa kutoka Excel kwenda PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na kuzinomalisha: kuzigawa katika majedwali madogo ili kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Ofisi iko Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vituo vya kuoshea ni vinne: viwili Idjwi, kimoja Katana, kimoja Kalehe. Mkulima analeta serizi, yaani kahawa mbivu iliyochumwa siku hiyohiyo. Inamiminwa kwenye beseni la maji ili mbovu zielee na kuondolewa, inapimwa, anaandikiwa risiti, analipwa. Jioni serizi za wakulima wengi zinaunganishwa kuwa loti, zinamenywa, zinachachushwa, zinaoshwa na kuanikwa mezani mpaka ziwe parche kavu, yaani kahawa iliyobaki na ganda lake la ndani.

Misimu miwili ya kazi hiyo imekaa katika jedwali moja lenye safu 31 na mistari 18,412. Huu ni mstari mmoja, tumeacha safu zisizo na shida:

risiti 0047 | tarehe 03/04 | kituo Katana | msimamizi (jina na simu) | mkulima BAHATI Cishugi | kadi (tupu) | kijiji, gurupoma, sheferi, teritwari | simu mbili zimetenganishwa kwa mkwaju | uzito1 14,2 | uzito2 6 | uzito3 (tupu) | cheti "bio, haki" | bei 1150 | jumla 23200 | loti KAT0304

Gurupoma, sheferi na teritwari ni ngazi za utawala juu ya kijiji, kutoka ndogo hadi kubwa; "bio" ni cheti cha kilimo hai na "haki" cha biashara ya haki. Katika mstari huo peke yake kuna mambo manane ya kurekebisha. Sifuri ya mwanzo ya kila simu imeliwa na Excel. Jina hilohilo mistari mingine imeliandika Chishugi, mingine Tshishugi. Jina na simu ya msimamizi zimerudiwa katika kila risiti ya kituo chake, kwa hiyo akibadilisha simu kuna maelfu ya sehemu za kusahihisha, na moja ikisahauliwa faili linakuwa na ukweli mbili. Mkulima mpya ambaye hajauza bado hana mahali pa kuandikwa. Ukifuta risiti iliyobatilishwa, na mkulima mwenyewe anaondoka nayo kama ndiyo ilikuwa risiti yake ya pekee.

Jumanne na Jumatano. Jedwali ghafi

Hatukugusa faili la asili. Tulilitoa kama CSV (faili la maandishi matupu) na kulimimina katika jedwali liitwalo `ghafi`, safu zote 31 zikiwa `text`, yaani maandishi, pamoja na safu ya ziada ya namba ya mstari katika faili. Safu hiyo ndogo imetusaidia kila siku: kosa lolote likionekana mbele, tunarudi kwenye mstari wake wa asili.

Sababu ya kuanza na `text` ni desimali. Kompyuta za ofisi zimewekwa Kifaransa, ambako desimali ni mkato. Aliyeandika 12.5 kwa nukta, Excel imemgeuzia uzito kuwa tarehe ya 12 Mei. Ukiingiza moja kwa moja kwenye safu ya namba, ama mstari unakataliwa ama, vibaya zaidi, unaingia ukiwa na kilo elfu arobaini na kitu, maana ndani ya Excel tarehe ni hesabu ya siku. Tulitafuta kila uzito unaozidi kilo 400 kwa mpimo mmoja, tukakuta tarehe zote zilizojificha humo, tukazisahihisha kwa kuangalia vitabu vya risiti.

Alhamisi. Ufunguo

Ufunguo ni kile kinachotambulisha mstari mmoja peke yake. Kila mtu ofisini alituambia namba ya risiti haijirudii. Inajirudia. Vitabu vya risiti vina kurasa 50 na kila kituo huanza upya na 0001 msimu ukifunguliwa. Risiti 0047 iko mara nane: vituo vinne, misimu miwili.

Ufunguo wa kweli ni safu tatu zikikaa pamoja: kituo, msimu, namba ya risiti. Tumeweka `id` ya namba tupu kama ufunguo mkuu kwa sababu ni nyepesi kurejelewa, lakini juu yake kuna `UNIQUE (kituo_id, msimu, namba)`, kizuizi kinachokataa tatu hizo zijirudie. Hili tunalisisitiza kwa yeyote atakayeendeleza kazi hii: `id` ya kujihesabu haizuii kitu. Ingiza risiti moja mara tano, utapata `id` tano tofauti na hifadhidata itakuambia kila kitu ni sawa.

Ijumaa hadi Jumatatu. Nani anaamua nani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo tulipotumia muda mrefu kuliko popote. Edgar Codd wa IBM alichapisha modeli ya majedwali yenye uhusiano mwaka 1970, na mwaka uliofuata akaeleza umbo la kawaida la pili na la tatu, yaani ngazi za kunomalisha. Msingi wa maumbo yote hayo ni utegemezi: ukijua A, je, unajua B bila shaka yoyote? Tukiandika A → B tunasema A inaamua B.

Tuliandika kila utegemezi tuliouhisi kwenye karatasi, kisha tukaupima kwa ulizo la namna hii:

```
SELECT kituo, tarehe, count(DISTINCT loti)
FROM ghafi
GROUP BY kituo, tarehe
HAVING count(DISTINCT loti) > 1;
```

Mstari wowote ukirudi, utegemezi umevunjika. Ulizo hili lilirudisha sifuri. Misimu miwili, vituo vinne, hakuna siku hata moja iliyokuwa na loti mbili. Kwa hiyo kituo na tarehe vinaamua loti, na safu ya loti tungeweza kuitupa kabisa.

Kabla ya kuitupa tulimpigia simu mzee anayesimamia matangi kituo cha Katana. Jibu lake: "Siku kubwa haziingii tangi moja. Tunagawa A na B, naandika herufi kwenye gunia." Tukarudi kwenye faili na kubonyeza kisanduku cha loti. Ndani yake kulikuwa na fomula: herufi tatu za kituo zimeunganishwa na tarehe. Utegemezi tuliokuwa tunaupima ulikuwa umetengenezwa na fomula hiyohiyo, ndiyo maana haukuweza kuvunjika. Siku za mavuno mengi, matangi mawili yenye muda tofauti wa kuchacha yalikuwa yameandikwa kama loti moja, na mnunuzi akilalamikia ladha ya gunia, ofisi haikuwa na njia ya kujua ni tangi gani.

Tangu hapo tumeshika utaratibu mmoja. Data inaweza kukanusha utegemezi, haiwezi kuuthibitisha. Kila mshale kwenye karatasi yetu una jina la kazi ya mtu aliyeukubali: mpimaji, mtunza pesa, msimamizi wa matangi. Mshale usio na mtu haujengewi jedwali.

Ufunguo wa loti sasa ni kituo, tarehe na herufi. Kwa siku za zamani tuliingiza herufi kutoka madaftari ya matangi. Daftari lilipokosekana, tuliacha `loti_id` tupu. Kukisia hapa ni kuharibu.

Wiki ya 2, Jumanne. Umbo la kwanza na la pili

Umbo la kwanza linataka thamani moja kwa kila kisanduku, la pili linataka kila safu itegemee ufunguo mzima. Haya yalikwenda haraka. Uzito1, uzito2 na uzito3 zimehamia jedwali `mstari_risiti`, mpimo mmoja mstari mmoja. Mkulima akileta magunia matano, mistari mitano, hakuna tena mpimo wa nne na wa tano kubanwa kwenye safu ya maelezo kama ilivyokuwa ikifanyika. Vyeti vilivyotenganishwa kwa mkato vimekuwa mistari pia. Ufunguo wa `mstari_risiti` ni risiti pamoja na namba ya mpimo. Tarehe na mkulima zinategemea risiti peke yake, nusu tu ya ufunguo huo, kwa hiyo zimebaki kwenye `risiti`.

Jumatano. Umbo la tatu, na vijiji

Umbo la tatu linataka safu itegemee ufunguo moja kwa moja, si kupitia safu nyingine. Mkulima anaamua kijiji, kijiji kinaamua gurupoma, gurupoma inaamua sheferi, sheferi inaamua teritwari. Kila hatua ni jedwali lake, na kwenye `mkulima` inabaki `kijiji_id` tu.

Kuna mtego wa majina. Kabare ni teritwari, na ndani yake kuna sheferi mbili: Kabare na Nindja. Faili lilikuwa na wakulima walioandikiwa "Kabare" kwenye safu zote mbili na wengine kwenye moja tu, na aliyekuwa akijaza mapengo alijaza kwa kufuata jina. Kalehe haina shida hiyo kwa kuwa sheferi zake ni Buhavu na Buloho. Idjwi ina Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Tulianza kwa kuandika orodha ya juu kwa mkono, teritwari na sheferi, kisha tukaziunganisha gurupoma (Irhambi-Katana chini ya Kabare, Mbinga-Sud chini ya Buhavu, na kadhalika). Faili halikutumika kama chanzo cha ngazi hizo, maana ndilo lenye makosa.

Jina la kijiji peke yake haliwezi kuwa ufunguo. Majina yanajirudia kati ya gurupoma moja na nyingine, kwa hiyo `UNIQUE (gurupoma_id, jina)`.

Msimamizi wa kituo alionekana kama mfano rahisi wa umbo la tatu: kituo → msimamizi. Lakini kituo kimoja cha Idjwi kilibadilisha msimamizi katikati ya msimu. Ukiweka `msimamizi_id` kwenye `kituo`, siku unapomwandika mpya, risiti zote za zamani zinahamia mikononi mwake. Kinachoamua msimamizi ni kituo pamoja na tarehe. Tumeunda jedwali `usimamizi` lenye `tangu` na `hadi`, na kizuizi cha `EXCLUDE` juu ya `daterange` (kipindi cha tarehe) ili vipindi viwili vya kituo kimoja visipandane. Kizuizi hicho kinahitaji nyongeza ya `btree_gist`. Bila hiyo PostgreSQL inakataa kulinganisha namba ya kituo ndani ya faharasa (orodha ya kutafutia haraka) ya `gist`.

Alhamisi. Bei, na jumla isiyo jumla

Kanuni inayofundishwa ni kwamba kinachoweza kukokotolewa hakihifadhiwi. Kilo mara bei ni jumla, basi safu ya jumla iondoke. Tuliilinganisha kwanza, na risiti nyingi zikakataa. Tuseme mpimo ni kilo 14.2 kwa bei ya faranga 1,150: hesabu ni 16,330, risiti inasema 16,300. Mama mtunza pesa alieleza bila hata kufungua daftari: noti ndogo hazipatikani, kwa hiyo risiti nzima inasogezwa hadi mia iliyo karibu.

Basi hayo ni mambo mawili. Kinachodaiwa kinakokotolewa na tumekiweka kwenye mwoneko (ulizo lililopewa jina, linalokokotolewa kila likifunguliwa), hakina safu. Kilicholipwa ni pesa iliyotoka mkononi, hakuna hesabu inayoweza kukirudisha kikipotea, kwa hiyo kina safu yake kwenye `malipo`. Tofauti ya hayo mawili kwa siku ndiyo inayofunga hesabu ya sanduku la pesa, na zamani ilikuwa ikitafutwa kila jioni kama upungufu.

Bei nayo tulitaka kuitoa kwenye risiti na kuiweka kwenye jedwali la kituo, tarehe na daraja. Mpimaji wa Kalehe alikanusha: wanunuzi wengine wakifika barabarani na kupandisha, bei ya kituo inabadilika saa sita mchana. Asubuhi na jioni si bei moja. Bei imebaki kwenye `mstari_risiti`, na hapo hairudii chochote. Ni makubaliano ya mpimo ule.

Kiwango cha dola kinategemea kituo na tarehe, kimepata jedwali lake.

Ijumaa. Wakaguzi wa vyeti: tumesimama kwenye umbo la tatu kwa makusudi

Kila mkulima, kwa kila cheti, ana mkaguzi wa ndani mmoja. Kila mkaguzi anakagua cheti kimoja tu. Kwa mishale: (mkulima, cheti) → mkaguzi, na mkaguzi → cheti.

Jedwali lenye safu hizo tatu liko katika umbo la tatu, kwa sababu cheti ni sehemu ya ufunguo. Haliko katika umbo la Boyce na Codd la mwaka 1974, ambalo linadai kila kinachoamua kiwe ufunguo. Mkaguzi anaamua cheti na mkaguzi si ufunguo. Dawa ya vitabuni ni kuligawa: mkaguzi na cheti chake huku, mkulima na mkaguzi kule. Ukigawa hivyo, hakuna jedwali linaloweza tena kuzuia mkulima mmoja asipewe wakaguzi wawili wa bio. Unapata umbo safi na unapoteza ulinzi.

Tumechagua hivi:

```
CREATE TABLE mkaguzi (
  id integer PRIMARY KEY,
  jina text NOT NULL,
  cheti_id integer NOT NULL REFERENCES cheti,
  UNIQUE (id, cheti_id)
);
CREATE TABLE ukaguzi (
  mkulima_id integer REFERENCES mkulima,
  cheti_id integer,
  mkaguzi_id integer NOT NULL,
  PRIMARY KEY (mkulima_id, cheti_id),
  FOREIGN KEY (mkaguzi_id, cheti_id)
    REFERENCES mkaguzi (id, cheti_id)
);
```

`cheti_id` imerudiwa kwenye `ukaguzi`, ndiyo, lakini ufunguo rejea (unaodai thamani iwepo kwenye jedwali linalorejelewa) wa safu mbili hauruhusu itofautiane na ya mkaguzi. Na `UNIQUE (id, cheti_id)`, ambayo inaonekana ya bure kwa kuwa `id` tayari haijirudii, ipo kwa sababu PostgreSQL haikubali ufunguo rejea kuelekea safu zisizo na kizuizi hicho. Tafadhali usiifute ukidhani ni ya ziada.

Wiki ya 3, Jumatatu. Simu na mashamba

Karatasi ya pili ya faili ilikuwa na orodha ya wakulima, na mwenye simu mbili na mashamba matatu alikuwa na mistari sita, kila simu na kila shamba. Simu haihusiani na shamba. Zimewekwa pamoja tu. Ronald Fagin ndiye aliyelieleza hili mwaka 1977 kama umbo la nne. Majedwali mawili, `simu_mkulima` na `shamba`, na mistari sita imekuwa miwili na mitatu. Idadi ya mikahawa iko kwenye `shamba`. Zamani, kwa kuwa shamba lilirudiwa kwa kila simu, mwenye simu mbili alikuwa akionekana na mikahawa mara mbili.

Jumanne na Jumatano. Kuhamisha

Mpangilio: teritwari, sheferi, gurupoma, kijiji, kituo, mkulima, kisha simu, shamba, cheti, mkaguzi, ukaguzi, halafu loti, risiti, mstari_risiti, malipo. Mzazi kwanza, la sivyo ufunguo rejea unagoma. Yote ndani ya muamala mmoja: ama yote yanaingia, ama hakuna kinachoingia. Umeme ulikatika mara moja katikati na betri ya mashine ikaisha. Ilipowaka, majedwali yalikuwa matupu kabisa, kama inavyotakiwa, tukaanza upya bila kufagia mabaki.

Faharasa za funguo rejea tuliziongeza wenyewe baada ya kuingiza. PostgreSQL hutengeneza faharasa ya ufunguo mkuu lakini haitengenezi ya safu inayorejelea, na kukosekana kwake huonekana siku ya kufuta mkulima mmoja na kusubiri.

Namba ya kadi ni `UNIQUE`, na wakulima wasio na kadi wameachwa `NULL`, yaani bila thamani yoyote. PostgreSQL huhesabu kila `NULL` kuwa tofauti na nyingine, kwa hiyo hawagongani. Mistari iliyokuwa na maandishi matupu badala ya `NULL` iligongana yote. `NULLIF(trim(kadi), '')` iliondoa hilo.

Alhamisi. Kilo 784.5 za ziada

Jaribio la mwisho ni kuunganisha majedwali yote yarudi kuwa faili la mwanzo, kisha kulinganisha na `ghafi` iliyosafishwa. Tulitumia `EXCEPT`, inayoonyesha mistari iliyo upande mmoja na haipo upande mwingine, kwa pande zote mbili. Hakuna tofauti. Tukaridhika, mpaka tulipojumlisha kilo: kabla 612,406.7, baada 613,191.2.

Kahawa haizaliani ndani ya kompyuta. Mistari 23 ya risiti ilikuwa imerudi mara mbili. Katika kijiji kimoja kuna wakulima wawili wa jina moja, na pale kadi ilipokosekana tulikuwa tumeunganisha kwa jina na kijiji. Kila risiti ya mmoja ilimshika na wa pili. `EXCEPT` haikuona kwa sababu huondoa mistari inayofanana kabla ya kulinganisha, na nakala hizo zilifanana herufi kwa herufi. `EXCEPT ALL` iliziona zote 23 mara moja. Atakayerudia jaribio hili aanze na `EXCEPT ALL`, na ajumlishe kilo kwanza, kabla ya lolote.

Vishina vya risiti hizo vimeletwa kutoka kituoni. Kishina kina namba ya kadi hata pale ofisi ilipoacha kuiandika. Risiti 21 zimepata mwenyewe. Mbili kishina kimelowa na hakisomeki. Zimewekwa `mkulima_id` tupu na alama ya kusubiri, mpimaji atawauliza wakulima wote wawili siku ya soko.

Ijumaa. Hali ilivyo

Kilo sasa ni 612,406.7 pande zote. Ripoti ya mwezi inayounganisha majedwali tisa imewekwa kwenye mwoneko uliohifadhiwa, unaosasishwa saa mbili usiku, kwa hiyo mhasibu hafungui majedwali hayo kabisa. Fomu ya kuingizia ni skrini moja yenye sura ya ukurasa wa kitabu cha risiti, kwa mpangilio uleule, na herufi ya tangi imeongezwa karibu na uzito.

Yaliyobaki: risiti mbili za kishina kilicholowa, madaftari ya matangi ya Kalehe ya msimu wa kwanza, ambayo bado hayajafika Bukavu, na mshale mmoja kwenye karatasi usio na jina la mtu, shamba → kijiji. Wapo wakulima wanaoishi kijiji kimoja na kulima kingine, na mpaka wapimaji wote wanne waseme shamba linahesabiwa wapi, safu hiyo haitaundwa.